Ndoo na Jukwaa: Uhakiki wa Sherehe za Maji za Wanawake wa Anishinaabe

Uhakiki wa fasihi simulizi katika Kiswahili umeshughulika zaidi na ngano, methali, majigambo na nyimbo za jando na harusi. Sherehe ambazo jamii huzifanya kwa ajili ya kutetea jambo fulani zimeachiwa wanasiasa na waandishi wa magazeti, kana kwamba hazina fani ya kuchunguzwa. Lakini sherehe hizo zina fanani na hadhira, zina nyimbo, vifaa, mavazi na mpangilio wa wakati. Kwa hiyo zinaweza kupimwa kama utungo mwingine wowote. Mfano unaostahili kupimwa hivyo ni sherehe za maji ambazo wanawake wa Anishinaabe wamekuwa wakiziongoza tangu mwaka 2003 kandokando ya Maziwa Makuu. Yafaa kueleza mapema kwamba Maziwa Makuu yanayokusudiwa hapa si yale ya Kivu na Tanganyika, bali ni Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, yaliyoko kati ya Marekani na Kanada.

Waanishinaabe ni jamii za Ojibwe, Odawa na Potawatomi, pamoja na ndugu zao wengine, wanaokaa pande zote mbili za mpaka huo. Maziwa yao matano yanabeba karibu sehemu moja kwa tano ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. (Msomaji wa Kalemie au Uvira asinyong'onyee: Superior limeizidi Tanganyika kwa eneo, lakini Tanganyika imelizidi kwa wingi wa maji.) Katika mafundisho ya Waanishinaabe wanaume hutunza moto na wanawake hutunza maji. Ugawaji huo wa kazi ndio msingi wa kila kitakachosemwa hapa. Uongozi wa mwanamke katika sherehe hizi haukuletwa na siasa mpya ya usawa, wala haukuombwa kwa serikali yoyote. Ni cheo kilichokuwapo tangu zamani, ambacho watu walikuwa wameanza kukisahau.

Aliyekikumbusha kwa miguu yake ni Josephine Mandamin, aliyezaliwa mwaka 1942 huko Wikwemikong, katika kisiwa cha Manitoulin, na kufariki Februari 2019 mjini Thunder Bay. Katika mazungumzo yake mengi alieleza kwamba aliamshwa na maneno ya mzee mmoja aliyetabiri kuwa siku itafika ambapo maji yatauzwa kwa bei ya dhahabu, kisha akawauliza waliokuwa wakimsikiliza: mtafanya nini? Mwaka 2003, pamoja na wanawake wachache, alichukua ndoo ya shaba, akateka maji ya Ziwa Superior, akaanza kulizunguka ziwa lenyewe kwa miguu. Miaka iliyofuata akayazunguka maziwa mengine yote. Jumla ya safari zake inakadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 17 000.

Muundo wa mwendo huo ni sahili sana, na usahili huo ndio nguvu yake. Mwanamke mmoja anabeba ndoo. Kando yake mtu mwingine, kwa kawaida mwanamume, anabeba fimbo iliyopambwa kwa manyoya ya tai. Tangu asubuhi ndoo inapoinuliwa hadi jioni inapotuliwa, maji hayasimami. Mbebaji akichoka, mwenzake anaipokea huku wote wawili wakitembea, kwa sababu maji ya mtoni hayasimami kumngoja mtu. Wakifika kwenye kijito wanatoa tumbaku na kusema maneno machache. Wanapita penye misitu, penye barabara kuu ya malori, penye viwanda na vituo vya mafuta. Hakuna sehemu ya njia inayochaguliwa kwa uzuri wake.

Mhakiki aliyezoea kutafuta maudhui katika maneno anaweza kupotea hapa, maana maneno ni machache mno. Dhamira yote imo katika tendo. Kuteka maji na kuyabeba ni kazi ambayo wanawake wa sehemu nyingi za ulimwengu huifanya kila siku bila kuonekana, nayo huhesabiwa kuwa alama ya unyonge wao. Mwendo huu umeichukua kazi ileile, bila kuibadilisha umbo, ukaigeuza kuwa ishara ya mamlaka. Ndoo haikutiwa ndani ya wimbo, haikuchorwa kwenye bango, haikuwekwa kichwani mwa mchezaji ngoma. Inabebwa tu, kwa mkono, na uzito wake ni uzito halisi. Pili, fanani hajitazami wala hatazamwi kama fanani. Hadhira, kama ipo, ni dereva anayepita na watu waliosimama mlangoni mwa duka. Hadhira ya kweli ya mwendo huu ni maji yenyewe, ambayo huzungumziwa kwa nyimbo fupi zinazorudiwarudiwa. Tungo zinazoelekezwa kwa msikilizaji asiye binadamu si ngeni katika fasihi simulizi ya Afrika, lakini ni nadra kuona utungo uliodumu katika msimamo huo kwa wiki nyingi mfululizo.

Hata jambo hilo lina mivutano yake. Wanawake wanaobeba ndoo huombwa kuvaa sketi ndefu, na miongoni mwa wanawake wa mataifa asilia wenyewe umezuka mjadala kama agizo kuhusu mavazi ni heshima au ni kizuizi kwa vijana wanaotaka kujiunga. Mjadala huo ni dalili ya uhai wa mila. Mila iliyokufa haigombaniwi.

Katika safari zilizofuata, utungo huu ulipanuliwa kwa namna mbili zinazotofautiana. Mwaka 2011 maji ya chumvi yaliletwa kutoka pande nne, yaani kutoka Bahari ya Atlantiki, Bahari ya Pasifiki, Ghuba ya Meksiko na Ghuba ya Hudson, yakakutanishwa kwenye Ziwa Superior. Mwaka 2013 Sharon Day, Mwojibwe wa Minnesota, aliongoza mwendo uliochukua maji safi kutoka chimbuko la mto Mississippi, pale Ziwa Itasca, hadi unapoingia baharini. Safari ya 2011 ina uzuri wa ramani: pande nne, kituo kimoja, ulinganifu kamili. Ile ya 2013 inapita kwa ubora wa fikra. Mto Mississippi unapofika mwisho wake umekwisha kubeba taka za mashamba na miji ya nusu ya nchi. Kuyamwaga pale maji ya chimbuko ni kuuonyesha mto ulivyokuwa ulipozaliwa. Hakuna hotuba juu ya uchafuzi iliyoweza kusema hayo kwa ufupi kama huo.

Juu ya shaba ya ndoo, msomaji wa Katanga atakuwa na neno lake. Wenyeji wa pwani za Superior walichimba na kufua shaba maelfu ya miaka kabla ya kufika kwa Wazungu, na kwa Waanishinaabe madini hayo ni matakatifu, yanayoaminiwa kuyasafisha maji. Katika Katanga pia shaba ilikuwa na heshima kabla ya kampuni: misalaba ya shaba ilikuwa mali, mahari na ishara ya ukubwa. Leo, jina la shaba likitajwa Lubumbashi au Likasi, mtu hufikiri kwanza machimbo na maji machafu yatokayo viwandani. Kwamba chuma kilekile kinaweza kuwa chombo cha kulinda maji na sababu ya kuyaharibu ni kinaya ambacho sherehe za Anishinaabe zimekiacha bila kukigusa, ingawa pwani za Superior nazo ziliachiwa takataka nyingi na wachimbaji wa shaba wa karne ya 19 na ya 20.

Kutoka kwenye ndoo inabidi kuelekea kwenye jukwaa, maana sherehe za maji zimekua na kupata sura ya pili: tamasha la kiangazi ufukweni, lenye vipaza sauti, wanamuziki mashuhuri, meza za mashirika na wasemaji wa zamu. Mfano unaojulikana ni tamasha lililofanyika Duluth, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, Agosti 2021, kwa jina la "Maji ni uhai", kupinga bomba la mafuta liitwalo Line 3 lililokuwa likijengwa kupita kaskazini mwa Minnesota. Liliandaliwa na Honor the Earth, shirika ambalo Winona LaDuke, Mwojibwe wa White Earth, alilianzisha mwaka 1993 pamoja na wanamuziki wawili wa kundi la Indigo Girls. Muziki na kampeni, basi, vilikuwa pacha tangu mwanzo. Wimbo wa Bon Iver ulivuta watu ambao mwendo wa kilomita elfu usingewavuta. Hata hivyo tarehe 1 Oktoba mwaka uleule mafuta yalianza kupita katika bomba hilo.

Si haki kulipima tamasha kwa bomba ambalo halikulizuia. Utenzi haulaumiwi kwa vita vilivyopotea. Kinachoweza kulaumiwa ni fani yake. Jukwaa lina sheria zake, na sheria hizo huwashinda hata wale wanaolipanda kwa nia njema. Jukwaani mwanamke mtunza maji anakuwa msemaji: anapewa dakika zake, anapigiwa makofi, anampisha mpiga gitaa. Maji, ambayo katika mwendo yalikuwa msikilizaji, yanageuka kuwa mada. Yapo nyuma ya jukwaa, yanang'aa, yanapigwa picha. Hadhira nayo inalipwa kwa kuja kwake: inaimba, inafurahi, inarudi nyumbani ikiwa imeridhika na nafsi yake. Katika mwendo wa ndoo hakuna anayepewa nafasi ya kuridhika mapema, kwa kuwa ndoo inadai mkono wa mtu mwingine kila baada ya muda mfupi. Ukweli huu haufuti manufaa ya tamasha, hasa ya kuwakusanyia fedha wale waliokamatwa na kufikishwa mahakamani. Lakini waandaaji wangefanya vema kuuliza kwa nini saa bora ya siku za namna hii huwa ni ile ya alfajiri, wakati wanawake wachache wanapoinua chombo cha maji ufukweni kabla vipaza sauti havijawashwa.

Pengine utungo ulio thabiti kuliko yote uliotoka katika harakati hizi si wimbo wala hotuba, bali ni azimio. Mei 2021 baraza la Bay Mills, jamii ya Waojibwe ya Michigan iliyokuwa ikiongozwa na mwanamke, Whitney Gravelle, lilipitisha azimio la kulifukuza bomba jingine, Line 5. Bomba hilo lilijengwa mwaka 1953 na linapita chini ya mlangobahari wa Mackinac, mahali ambapo masimulizi ya Waanishinaabe yanaweka mwanzo wa nchi kavu. Kufukuzwa katika jamii ni adhabu ya kale, iliyowekewa mtu aliyetenda ubaya usiovumilika. Baraza lilichukua adhabu ya mtu likaitamkia chombo cha chuma. Kwa lugha ya wanaisimu ni tendo-uneni: maneno yanayotenda kwa kule kutamkwa kwake, iwapo mtamkaji ana mamlaka. Nani ana mamlaka juu ya mlangobahari ule ndilo shauri lenyewe, na linarudi hadi mkataba wa mwaka 1836 ambamo jamii hizo ziliachia ardhi lakini zikabakiza haki zao za kuwinda na kuvua. Azimio halikusema hayo kwa kulalamika. Liliongea kama mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni mlango.

Kuna upungufu mmoja ambao wasifu wa sherehe hizi mara nyingi huurukia. Ni rahisi kuimbia ziwa; ni vigumu kuimbia bomba la nyumbani. Huko Neskantaga, kijiji cha Waanishinaabe kaskazini mwa Ontario, watu walipewa agizo la kuchemsha maji mwaka 1995. Zaidi ya robo karne baadaye agizo lilikuwa halijaondolewa, na Oktoba 2020 wakazi walihamishiwa Thunder Bay, mji uleule alikoishi Josephine Mandamin, baada ya kuonekana uowevu kama mafuta ndani ya hifadhi ya maji. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1995 alifika utu uzima bila kunywa maji ya bomba la kwao bila woga. Sherehe inayomtukuza mwanamke kama mtunza maji ina hatari ya kumwachia yeye peke yake mzigo ambao kwa haki ni wa hazina ya serikali. Hatari hiyo aliiona binti mdogo kabla ya wahakiki. Desemba 2016 Autumn Peltier, mjukuu wa nduguye Josephine, akiwa na umri wa miaka 12, aliteuliwa kumkabidhi zawadi Waziri Mkuu wa Kanada mbele ya mkutano wa machifu. Zawadi aliitoa, lakini alimwambia pia, huku akilia, kwamba hakufurahishwa na maamuzi yake. Fani ya itifaki ilivunjika kwa sekunde chache, na hizo ndizo zilizokumbukwa. Mwaka 2019 alikabidhiwa kazi ya ukamishna mkuu wa maji ambayo Josephine aliifanya kabla yake.

Linabaki suala la wito wenyewe, ambalo linawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa wito huo umekwisha kutafsiriwa katika lugha nyingi. Ulienea duniani mwaka 2016 kutoka Standing Rock, ambako LaDonna Brave Bull Allard alifungua kambi ya Sacred Stone katika ardhi yake kulipinga bomba la Dakota Access. Kwa lugha ya Walakota ni *mni wiconi*. Ni majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega, la maji na la uhai, bila kitenzi "ni" katikati. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo: lazima mfasiri achague kati ya "maji ni uhai" na "maji ya uhai", yaani kati ya hoja na jina. Inafaa kukumbuka kwamba jina hilo halikuanzia kwenye mabango. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitwa Mni Wiconi, ya kufikisha maji ya mto Missouri kwa mabomba hadi Pine Ridge na maeneo jirani. Kabla ya kuwa wito wa kupinga bomba la mafuta, maneno hayo yalikuwa jina la bomba la maji.

Kwa Kiojibwe wito hutumia neno *bimaadiziwin*. Maana yake si kuwa na pumzi tu, bali kuishi vema pamoja na wengine, na afya ya mwili na ya jamii. "Uhai" wa Kiswahili sanifu ni mwembamba kwa kazi hiyo. Humtenga aliye hai na maiti, basi. "Maisha" yamechakaa kwa matumizi ya kila siku, hata yakawa gharama ya chakula na kodi ya nyumba. Neno "uzima" lingefaa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kuwa hai, kuwa na afya na kuwa kamili bila kuvunjika; nalo ndilo neno ambalo msemaji wa Kongo hulitumia kwa wepesi, kanisani na hospitalini. "Maji ni uzima" si tafsiri ya kupamba. Ni tafsiri inayokubali kwamba kilichoharibiwa si pumzi ya mtu mmoja bali ukamilifu wa wengi.

Neno la upande wa kushoto nalo lina kumbukumbu zake. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, maji ya kisiasa yamekuwa maji ya wapiganaji: maji ya Kinjikitile katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambayo Ebrahim Hussein aliyafanyia tamthilia mwaka 1969, na *mayi* ya makundi ya Mai-Mai huko Kivu, yanayonyunyiziwa mwilini ili risasi isiingie. Hayo ni maji yanayomlinda mtu. Sherehe za Anishinaabe zimegeuza uhusiano huo, kwa kuwa ndani yake mtu ndiye anayeyalinda maji. Msomaji wa Bukavu anayesikia wito huu kwa mara ya kwanza anaweza kuuelewa kinyume kabisa, na tafsiri isiyojali hilo itampeleka vitani badala ya ziwani.

Kisha kuna sarufi. Kiojibwe hugawa majina yake katika makundi mawili, yenye uhai na yasiyo na uhai, na neno *nibi*, yaani maji, limo katika kundi la yasiyo na uhai. Hata hivyo katika sherehe maji husemeshwa kama mtu wa ukoo. Kiswahili kinakutana na kikwazo kilekile kwa njia yake, kwani maji yamo katika ngeli ya YA na hayapewi upatanisho wa viumbe hai. Anayesema "tunayangoja" anazungumza juu ya maji. Anayesema "tunakungoja" anazungumza nayo. Tafsiri nyingi za mabango huchagua umbo la kwanza bila kufikiri, na papo hapo mwendo wa ndoo unageuka kuwa hotuba ya jukwaani. Umbo la pili ndilo linalotakiwa katika nyimbo, lakini linaleta tatizo jipya: jina ambalo katika Kiswahili halina umoja liambiwe "tunakungoja" au "tunawangoja"? Katika sala na matambiko ya mwambao wa Tanganyika mifano ya kuyasemesha maji inaweza kukusanywa, na ni huko, kuliko katika kamusi, ambako mfasiri wa nyimbo hizi angepaswa kuanza.